Turubai la lori, akriliki, polista au makuti: kifuniko gani kwa boti inayolala gatini?

Mwenye boti akitaka kununua kifuniko, swali la kwanza huwa ni kitambaa: kipi, mita ngapi, bei gani. Kwa boti inayoelea gatini hapa pwani, mimi ningeanza kwa maswali matatu mengine. Maji ya mvua yatateremkia wapi? Kifuniko kitafungwa kwenye nini? Na ni nani atakayekivuta kila jioni? Ukishayajibu hayo, kitambaa hakikusumbui sana. Usipoyajibu, unaweza kutoa fedha nyingi kununua akriliki safi ikachanika ndani ya kusi moja, na jirani yako mwenye turubai la lori lililoshonwa kwa akili akaingia nalo mwaka wa tatu.

Boti ninayoizungumzia ni ya faiba, mita 5 hadi 8, yenye mashine ya nje moja au mbili, inayokaa majini kwenye hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) ya Mtwapa, ya Kilifi, au ghuba ya Msasani. Boti ya mbao nitaigusa mbele, kwa kuwa mahitaji yake ni mengine.

Gati la nguzo na gati la kuelea

Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na kidogo tu. Boti iliyofungwa kwenye gati la nguzo inaweza kuwa sawa na sakafu ya gati alfajiri, na kabla ya adhuhuri ukawa unaiangalia kutoka juu kama unayechungulia kisima. Kamba za boti huachiwa ulegevu kwa ajili hiyo. Kifuniko hakina ulegevu. Kwa hiyo, kwenye gati la nguzo, usifunge hata kamba moja ya kifuniko gatini. Nimeona kifuniko kizuri cha rangi ya kijivu kimefungwa nguzoni upande mmoja wakati maji yamejaa. Maji yalipopwa boti ikaning'inia kwa vishikizo vya kifuniko mpaka vikang'oka kimoja kimoja, kila kimoja na kipande chake cha kitambaa. Kila kamba ya kifuniko ifungwe kwenye boti yenyewe.

Gati la kuelea ni habari tofauti. Linapanda na kushuka pamoja na boti, hivyo unaweza kuegemeza upande mmoja wa kifuniko kwenye gati, na hata kusimamisha fremu juu ya gati na kuweka paa. Hapo ndipo makuti yanapoingia kwenye ulinganisho huu. Paa la makuti juu ya gati la kuelea linatoa kivuli baridi kuliko kitambaa chochote, hewa inapita, na boti iko tayari kuondoka bila kufunua kitu. Ubaya wake ni uzito na upepo: gati lazima liwe na uwezo wa kubeba nguzo na paa bila kulala upande mmoja, na makuti yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Mvua ya upepo pia inaingia kutoka pembeni, kwa hiyo usukani na viti bado vinahitaji vifuniko vyao vidogo. Kwenye gati la nguzo paa hilo halifai: ukiliweka juu kiasi cha boti kupita wakati maji yamejaa, maji yakipwa liko juu mno na jua la saa tisa linaingia chini yake bila kizuizi.

Uzito wa maji

Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, na Unguja masika hukaza Aprili na Mei. Mvua ya milimita 50 usiku mmoja si jambo geni katika miezi hiyo. Ikinyesha juu ya boti ya mita 6 kwa 2 iliyo wazi, hiyo ni lita 600, yaani kilo 600, sawa na kupakia watu wanane hivi tezini, yaani nyuma ya boti, usiku huku mashine nayo ikielemea huko huko. Boti yenye sakafu inayojimwaga yenyewe itavumilia. Isiyojimwaga inategemea pampu, na pampu inategemea betri. Asubuhi unakuta betri imekwisha na tezi imekaa chini, ukaanza kufua maji kwa ndoo.

Kifuniko kinaondoa tatizo hilo au kinalihamishia juu. Kikiwa kimelegea katikati, hufanya kidimbwi, na kidimbwi cha mita 2 kwa 1 chenye kina cha sentimita 10 ni lita 200. Kitambaa kinavutika, kidimbwi kinazidi kina, mpaka mshono uachie au nguzo ya ndani itoboe. Ndiyo sababu naweka umbo mbele ya kitambaa. Kifuniko cha boti kiwe na mgongo kama paa la nyumba, kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, na mteremko wa kutosha pande zote mbili. Kwa boti ya upana wa mita 2.2, mgongo uinuke si chini ya sentimita 60 juu ya kingo. Ukipungua hapo, kitambaa kipya kitamwaga maji lakini kilichovutika baada ya mwaka hakitamwaga.

Mgongo huo unataka kitu cha kuushikilia. Mwanzi mkavu ni mwepesi, hauozi upesi ukiwa chini ya kifuniko, na hupatikana kwa bei nafuu. Funga vitambaa kwenye vifundo vyake visije vikasugua. Bomba la alumini ni zuri zaidi na ghali zaidi. Bomba la plastiki la maji, ambalo wengi hulikimbilia, silipendi kwa kazi hii: likipata joto la mchana hulegea, likapinda kuelekea chini, na pale lilipopinda ndipo kidimbwi kitakapokaa. Boti yenye kanopi ya fremu tayari ina nusu ya kazi. Shusha kanopi nusu, pitisha mti kutoka juu yake hadi omo, na mgongo umepatikana.

Vitambaa vitano

Tuchukue kifuniko cha boti ya mita 6, ambacho eneo lake ni takribani mita za mraba 18, tukishone kwa kila kitambaa.

Turubai jepesi la plastiki, lile la bluu linalouzwa limekunjwa na lenye matundu tayari, lina uzito mdogo na bei ndogo kuliko yote. Halivuji siku ya kwanza. Jua letu hulila kwa miezi michache: linapauka, linakuwa gumu, kisha linachanika nyuzi nyuzi. Nyuzi hizo huangukia horini, zikanasa kwenye mizizi ya mikoko, na hakuna wa kuziokota. Kwangu mimi hilo linatosha kulikataa kama kifuniko cha kudumu. Lina kazi moja nzuri, nayo ni kupimia, na nitaieleza.

Turubai la PVC, lile la lori, lina uzito wa gramu 500 hadi 900 kwa mita ya mraba. Kwa gramu 650, kifuniko chetu ni karibu kilo 12. Halipitishi maji hata tone, mafundi wa kulishona na kulichomelea kwa joto wapo kila mji wenye malori, na linavumilia kusuguliwa. Lakini halipumui. Unyevu uliobaki sakafuni unageuka mvuke mchana, unageuka matone upande wa ndani usiku, na baada ya wiki mbili mito ya viti ina ukungu mweusi. Kwa uzito wake linasugua jelikoti, ile ngozi ya juu ya faiba yenye kung'aa, hasa chumvi na mchanga vikikaa katikati. Ukilichagua, chukua rangi nyeupe au kijivu hafifu, na fundi aweke madirisha ya hewa mawili, omo na tezi, yenye kofia ya kuzuia mvua.

Akriliki ya baharini, iliyotiwa rangi uzini kabla ya kufumwa, ina uzito wa gramu 300 hivi, yaani kilo 5 na nusu kwa kifuniko kizima. Mtu mmoja anakivuta peke yake. Inapumua, haipauki upesi, na baadhi ya watengenezaji huipa dhamana ya miaka 10 dhidi ya jua. Hasara zake ni tatu. Bei ya mita hupita ya PVC mara kadhaa, na mara nyingi lazima iagizwe. Haistahimili kusuguliwa: kona ya kioo cha mbele hutoboa ndani ya msimu mmoja kama hakuna kiraka. Na haizuii maji yaliyotuama. Inazuia yanayoteremka tu. Akriliki juu ya umbo baya ni fedha iliyotupwa, na juu ya umbo zuri sijaona kinachoishinda.

Polista ya baharini inakaa katikati. Ni imara kuliko akriliki kwenye msuguano, haivutiki sana, bei yake ni ya wastani, lakini rangi na tabaka lake la kuzuia maji huisha mapema juani. Kwa boti inayohamishwa kwa trela mara kwa mara ningeichukua hiyo. Kwa boti inayolala gatini mwaka mzima, jua ndilo adui mkubwa, kwa hiyo akriliki inaipita.

Pamba nzito, turubai la zamani, inapumua vizuri kuliko zote, na ikilowa nyuzi zake huvimba zikaziba matundu. Ila huoza ikikunjwa mbichi, na ikilowa ni mzigo wa watu wawili. Kwenye boti ya faiba sioni sababu ya kuichagua.

Kufunga

Njia ya kwanza ni kamba ndani ya pindo. Pindo la kifuniko linashuka sentimita 20 chini ya kingo, kamba inapita ndani yake kuzunguka boti nzima, inavutwa tezini na kubana chini ya ule ukanda wa mpira wa ubavuni. Ni haraka, haitoboi boti, na ikishakazwa upepo haupati pa kuingilia. Ningeanza nayo kwa boti yoyote yenye ukanda uliochomoza.

Mikanda inayopita chini ya tumbo la boti ni imara kwa boti iliyo juu ya trela. Majini ni kazi mbaya. Mikanda inaota mwani na magamba ndani ya wiki chache, kuipitisha kunataka uizungushe kutoka omo, na mmoja ukisahaulika asubuhi unakwenda kujisokota kwenye rafadha, ile panga ya mashine.

Vizito ni chupa za maji za lita moja na nusu zilizojazwa mchanga, zikining'inizwa kuzunguka pindo. Kwenye hori tulivu zinafanya kazi, na hazina gharama. Kusi ikivuma zinabembea na kugonga ubavu usiku kucha. Zitie kwenye mifuko ya kitambaa au uzitumie kaskazi tu.

Vifungo vya kubana vinavyopigiliwa kwenye faiba vinapendeza, na kwa kifuniko kidogo cha usukani ndivyo vinavyofaa. Kwa kifuniko kizima sivitaki: kila kifungo ni tundu jipya kwenye boti, chumvi inavigandisha, na kitambaa kikinywea kidogo havifikiani tena. Vilivyopo vipake vaselini.

Popote unapohitaji kishikizo kifupi kati ya kifuniko na chuma cha kufungia kamba, weka kipande cha mpira wa tyubu badala ya kamba kavu. Mpira unameza mshtuko wa upepo ambao vinginevyo ungepokelewa na mshono. Uangalie tu usiguse faiba nyeupe, unaacha alama nyeusi ngumu kutoka.

Kifuniko kizima au vipande

Hapa ndipo lile swali la nani atakivuta linapoamua. Boti ya mtu binafsi inayotoka Jumamosi, ikakaa siku sita, inataka kifuniko kizima. Boti ya kupeleka wageni matumbaweni, inayotoka kila asubuhi na kurudi jioni wahudumu wakiwa wamechoka, haitafunikwa kwa kitu kinachochukua nusu saa. Siku ya kwanza kitafunikwa, siku ya nne kitakuwa kimeviringishwa omoni kikinyeshewa. Kwa boti ya namna hiyo nashauri vipande vitatu: usukani na kioo chake, viti, na mashine, kila kimoja kinachovaliwa kwa dakika moja, pamoja na kuhakikisha sakafu inajimwaga na betri ya pampu ina chaji. Fedha inayobaki nunua akriliki kwa vipande hivyo, kwa kuwa ni vidogo.

Kuna jambo moja tu linalonifanya nisitasite kupendekeza kifuniko kizima hata kwa boti ya kazi: kunguru. Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, boti iliyo wazi karibu na miti au mikahawa inakuwa kiti chao. Mavi yao yakikaukia juani yanaacha madoa kwenye mito na kwenye jelikoti, na midomo yao inafumua mishono ya viti kutafuta makombo. Kama gati lako liko chini ya mwembe au mkungu wenye kunguru, funika yote.

Kupima na kushona

Usimpe fundi vipimo vya kwenye karatasi za kiwandani. Chagua asubuhi isiyo na upepo, simamisha mti wa mgongo, kisha tandaza lile turubai la bei nafuu juu ya boti kama ilivyo majini, mashine ikiwa imeinuliwa jinsi inavyoachwa usiku. Livute, bana kwa vibanio vya nguo, chora kwa kalamu ya wino mzito mstari wa ukanda wa mpira, mahali pa kila kamba ya gatini inapotokea, kona za kioo, na antena. Kata pembeni. Hicho ndicho kigezo atakachokatia fundi, na hakuna hesabu ya mezani itakayokikaribia.

Akriliki huja na upana wa mita moja na nusu hivi. Ikatwe vipande vinavyopita kutoka ubavu hadi ubavu juu ya mgongo, si vya kutoka omo hadi tezi. Hivyo kila mshono unateremka na maji, na maji hufuata mshono badala ya kuukatiza na kukaa juu yake. Kwa boti yetu ni vipande vitano vya karibu mita 3, na ukijumlisha pindo na viraka nunua mita 17. Pale kipande kimoja kinapolalia kingine, cha mbele kiwe juu ili upepo wa kutoka omo usikifungue.

Uzi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Uzi wa pamba huoza, wa nailoni hauvumilii jua. Chukua polista nene iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Hata hiyo, mshono utaanza kuachia kabla kitambaa hakijachoka, nawe utaurudishia kwenye cherehani. Ukiweza kupata uzi wa PTFE, yaani teflon, hautahitaji kurudi kwa fundi, ila bei yake ni ya juu na cherehani lazima lirekebishwe kwa ajili yake. Zipu ziwe za plastiki zenye meno makubwa. Matundu ya kupitishia kamba yawe na pete za shaba au za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316; za chuma cha kawaida zinatoa kutu na kula kitambaa kuzunguka tundu katika masika moja.

Viraka vishonwe upande wa ndani kwenye kila kona uliyoichora, na kipande cha turubai la PVC kinatosha.

Boti ya mbao

Mashua au boti ya mbao inayolala gatini haitaki kufungiwa kwenye plastiki. Maji ya mvua yaliyotuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, huozesha mbao upesi kuliko ya bahari, na jua hukausha mbao za juu zikanywea hadi kalafati, ile pamba inayoziba maungio ya mbao, ikachomoza. Inahitaji kivuli na hewa kwa pamoja. Turubai la pamba lililotandwa juu ya mti wa mgongo, pembeni likiachwa wazi kiasi cha mkono, au mikeka ya makuti juu ya fito, vinafaa kuliko PVC ya bei yoyote. Mvua ya upepo itaingia kidogo, ifue asubuhi.

Kabla ya kuwasha mashine

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini. Kifuniko kilichofungwa vizuri huuzuia usitoke, hasa kama tangi liko ndani ya boti na PVC haina dirisha. Funua kabisa, inua mfuniko wa ngama, acha upepo upite dakika kadhaa, nusa, ndipo uguse swichi au pampu. Watu wa boti wafundishwe hilo siku ile ile kifuniko kinapofika.

Kila mara mwisho wa wiki, mwagia kifuniko maji yasiyo ya bahari kutoa chumvi. Akriliki ioshwe kwa sabuni ya mche na brashi laini, bila maji ya moto wala sabuni ya unga, ambayo inaondoa dawa ya kuzuia maji. Na Februari, kabla masika hayajakaribia, kitandaze gatini, vuta kila mshono kwa vidole viwili, na kinachoachia kipeleke kwa fundi wakati bado hana foleni.